Neno la Kiingereza la Baba Mkubwa

Jana asubuhi Baba Mkubwa alikuja mlangoni kwangu hapa Ujiji, amevaa ile kanzu aliyovukia mpaka kutoka Burundi, akakataa kiti, akaniambia: "Mama Mwajuma, niitie wanawake. Wote." Nikamuuliza wa nini. Akasema, "Twende tukamwamkie mwalimu mukuu." Mimi nilikuwa na hasira tangu siku iliyotangulia, hasira ile ya kunikausha mate, kwa sababu huyo mwalimu mkuu alikuwa amemtazama binti yangu Mwajuma kuanzia miguuni mpaka kichwani, akasema darasa limejaa na watoto wa kutoka ng'ambo wangoje. Wangoje nini, hakusema. Nilikuwa nimelala na hasira hiyo, nimeamka nayo, nimemnyonyesha nayo mtoto mchanga. Lakini Baba Mkubwa aliposema neno "tukamwamkie", nilicheka mpaka mtoto akaacha kunyonya akanitazama. Mzee naye akageuza uso ukutani, mabega yakimtikisika. Mume wangu Ramazani, ambaye hakuwepo ile miaka kumi iliyopita mambo yalipotokea, alibaki anatutazama kama watu tuliokunywa pombe kabla ya chai.

Ili mtu aelewe kicheko hicho, lazima nirudi Rumonge, mwaka wa Uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto mmoja aliyeanza kusimama kwa kushika ukuta, na chumba cha mwisho katika ua wa Baba Mkubwa. Chumba kilipakana na stoo ya mawese, kwa hiyo kila nilichokuwa nacho kilinuka mawese: mto, kitenge, mpaka nywele za mtoto. Ramazani alikuwa fundi wa mashine za boti huko ng'ambo ya Kongo, anakuja anapopata nafasi, anakaa siku chache, ananisifia sombe, kisamvu changu cha mawese, anaondoka. Sina la kumlaumu. Nilikuwa nimesoma sekondari kwa masista miaka mitatu, kisha nikatolewa nikaolewa, na vitenzi vya Kifaransa vyote vilikuwa bado vimejipanga kichwani havina wa kuambiwa. Nilivisema peke yangu nikigeuza ndagala, dagaa wetu, juani. Wanawake wa mchangani walidhani naomba dua. Mimi nilikuwa natukana, kwa nyakati zote, kuanzia wakati uliopo mpaka ule ujao.

Baba Mkubwa, kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe wangu, ndiye aliyekuwa na boti, stoo na ua. Alikuwa pia na mdomo. Mtu yule alitisha kila kitu. Alitisha kuku waliopanda barazani, alitisha mvua isiharibu ndagala zake, alitisha mlango uliokuwa ukikwama: "Wewe mulango, siku moja nitakugeuza kuni!" Watu wakimcheka, alikuwa na silaha moja ya mwisho. Ujanani alitia makaa kwenye meli huku Kigoma, chini ya Mwingereza, na huko akaokota neno. Aliinua kidole cha shahada, akangoja pawe kimya, akasema: "Hii sasa ni *threat*." Alilitamka tireti. Kwake lilikuwa kama muhuri wa serikali. Mzungu wa melini akishasema tireti, alitueleza, basi imekwisha, hakuna kurudi nyuma, mtu anafunga mizigo yake. Na sisi ambao tulikuwa na Wabelgiji na Kifaransa chao tulilipokea vivyo hivyo.

Basi mwaka ule, baada ya ngoma za mwezi wa saba, watu walipokuwa bado wamefunga makuti milangoni kwa ajili ya sherehe, mtaa wetu wa Waswahili ulifungua shule. Niseme kweli, ilikuwa stoo ya zamani yenye dirisha moja, madawati ya mbao za mitumbwi iliyokufa, na Mwalimu Elia, mtu wa Kigoma aliyeoa kwetu. Alikuwa na Kiswahili kizuri na Kiingereza kingi, lakini Kifaransa hakuwa nacho, na mtoto wa Burundi bila Kifaransa asingevuka kwenda shule yoyote ya mbele. Akaja kwa Baba Mkubwa kwa adabu zote, akakaa, akala, akasema anamwomba Mama Mwajuma afundishe wadogo asubuhi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika beseni. Baba Mkubwa akajibu kwamba atafikiri. Mwalimu alipoondoka, nikamsikia kupitia ukuta akimwambia mke wake, Mama Mkubwa, huku akitafuna: "Aende kusimama mbele ya watoto za watu, na wake analia? Akiweka muguu kule ekole ya Elia, mwezi ukijaa ninamupeleka Mwajuma kwa nyanya yake ng'ambo. Aachishwe maziwa huko huko." Mama Mkubwa akasema, "Mutoto iko ananyonya, Baba." Naye, bila kuinua hata sauti: "Nimesema. Hii ni tireti."

Mwezi ukijaa. Kwa asiyejua kazi ya ziwa letu nieleze. Ndagala huvuliwa kwa taa, kwenye giza; mwezi ukiwa mkubwa, samaki hawafuati taa, na boti zinakaa. Hizo ndizo siku wavuvi hushona nyavu na wenye boti hufanya safari zao za ng'ambo. Kwa hiyo Baba Mkubwa alikuwa amepanga vizuri, boti ipo, mabaharia wapo, nyanya yupo. Kitu kimoja tu hakukifikiria, kwa sababu hakuwahi kugeuza hata ndagala mmoja kwa mkono wake. Mwezi ukiwa mkubwa, hakuna samaki wa kuanika. Wanawake wote wa mchangani hawana kazi.

Mimi pia nilikuwa sijakifikiria bado. Nilichofanya ni kwenda kwa Mwalimu Elia, mtoto mgongoni, kumwambia sitakuja, na kwa hasira nikamuuliza: hilo neno ambalo mzee ananipigia nalo kichwani, ni kitu gani hasa? Ni sheria? Ni karatasi? Mwalimu akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Akashusha kamusi yake nene, iliyofungwa kwa ngozi ya mbuzi kwa sababu jalada lilikuwa limekwenda, akaniketisha kwenye dawati la mbele nikiwa na mtoto wangu. Akasema *threat* ni kitisho tu, ni maneno ya kumwambia mtu kwamba utamfanyia ubaya asipokutii. Si muhuri. Kila mtu anaweza kulisema, hata mlevi. Nikapumua. Lakini kamusi yake ilikuwa ya aina ile inayoeleza neno limezaliwa wapi, na yeye alikuwa mtu wa kutomwacha mgeni aende bila kitu, akaendelea kusoma. Zamani sana, akasema, kabla Waingereza hawajaanza hata kuandika vizuri, neno hilo lilikuwa na maana ya umati. Kundi la watu, waliosongamana. Kisha likawa ule msongo wenyewe, kusukuma, kubana. Maneno ya kutisha yalikuja nyuma kabisa, wakati watu wa kusukuma hawapo tena, limebaki jina lao.

Nikamwambia kwa Kifaransa tunasema *menace*. Akafunua ukurasa mwingine, kumbe Waingereza wanalo na hilo, wamelichukua huko huko Ufaransa, nalo asili yake ni Kilatini, ni kitu kilichochomoza juu, kinachokuning'inia kichwani. Nikaliona mara moja. Ukipita barabara ya ziwani kuelekea Bujumbura, karibu na Magara, mlima unateremka mpaka barabarani, na kuna mahali jiwe limeinama juu ya njia. Kila anayepita chini yake anainamisha kichwa, hata aliye ndani ya gari. Jiwe hilo nimelikuta limeinama tangu nikiwa mtoto. Nikasema, "Mwalimu, basi Baba Mkubwa ni hilo la pili. Ameinama juu yetu miaka yote." Akasema, "Na hilo la kwanza ni nani?" Nilikuwa nimekwisha simama.

Mama Zaituni nilimkuta mchangani, amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, anachambua mchele wa mtu. Alikuwa mkubwa wa wanawake wa kuanika, mwili wake peke yake ungejaza mlango, na watoto wake watatu walikuwa kwenye ile shule ya stoo. Nikamwaga yote: boti, mwezi, mtoto, kamusi. Alisikiliza akiendelea kutoa mawe kwenye mchele. Nilipofika kwenye umati akainua kichwa.

"Rudia hapo. Neno lake hilo la kutisha watu, zamani lilikuwa ni watu?"

"Ni watu waliosongamana, dada. Maneno yalikuja baadaye."

"Eheee." Akatupa jiwe dogo majini. "Sasa mzee ana maneno. Na watu wako na nani?"

Tukatazama mchanga. Ulikuwa mweupe, mtupu, na wanawake wamekaa makundi makundi wanasukana, wanapiga miayo, wanangoja mwezi upungue. Mama Zaituni akaanza kucheka, na kicheko chake kilikuwa kikianzia tumboni, kinachukua muda kufika.

Nieleze na desturi, maana bila hiyo mtu atadhani tulikwenda kupigana. Pale kwetu, mtu akija kukuamkia, unampa mahali pa kukaa na unampa chakula, na humuulizi amekuja kwa shauri gani. Hata ungejua shauri lenyewe, huliulizi. Mwenye nyumba akimuuliza mgeni wake "unataka nini", amejifunga mwenyewe: ni lazima alimalize shauri hilo hapo hapo kabla mgeni hajatoka, la sivyo mtaa mzima utasema fulani anafukuza wageni. Na Baba Mkubwa angeweza kukosa vyote, boti, stoo, meno, lakini si heshima ya baraza lake.

Kesho yake asubuhi wakaja. Nilikuwa uani nafua, nikawasikia kabla sijawaona, ndala nyingi pamoja zikipiga ardhi. Wamevaa vitenge vizuri, watoto mgongoni, wamepakaa mafuta mpaka wanang'aa. "Hodi! Amahoro, Baba! Tumekuja kukuamkia!" Baba Mkubwa alifurahi, maskini. Alidhani ni Uhuru umewafundisha adabu. "Karibuni, karibuni, wanangu! Mikeka! Leteni mikeka!" Mikeka ikaisha, wakakaa kwenye magunia, kwenye ngazi, kwenye kinu kilicholazwa. Mama Mkubwa akachungulia dirisha la jikoni, akauliza kwa sauti ya upole kabisa: "Mko wangapi, mama, nipime unga?" Mama Zaituni akamjibu bila kugeuka: "We weka sufuria kubwa tu, dada. Wengine bado wako njiani."

Na kweli walikuwa njiani. Waliingia wawili wawili mpaka adhuhuri. Wakazungumza. Walizungumza habari za mvua, habari za jino la Mama Zaituni, habari za bendera mpya na kama rangi zake zitachuja. Hakuna aliyetaja shule. Hakuna aliyetaja boti. Wakala bugali wote, wakala samaki wa mukeke waliokuwa wamebanikwa kwa ajili ya jioni, wakashukuru, murakoze sana Baba, Mungu akuzidishie, wakaondoka. Baba Mkubwa alilala usingizi mzuri. Siku iliyofuata wakarudi. Nilimwona alipotoka na mswaki mdomoni akawakuta wamekwisha kaa, mswaki ulisimama. Siku hiyo alianza kuelewa. Alinitafuta kwa macho uani, nikainamia nguo zangu kama mtu asiyejua hata siku ni ipi.

Kuna watu watasema hilo si jambo la kuchekesha, kumfanyia mzee hivyo. Mimi nasema mzee alikuwa anataka kumchukua mtoto kwenye titi la mama yake, na tulimjibu kwa salamu. Alijaribu kila njia. Alikwenda msikitini akakaa huko mpaka alasiri. Aliporudi, walikuwa wanamngoja na njaa imeongezeka. Alisema leo kuna shughuli nyingi, wakasema ah, Baba, tutakusaidia: wakafagia ua, wakahamisha mapipa, wakafua mapazia, wakapanga vitu vyake vizuri hivi kwamba alitembea pekupeku siku nzima kwa kukosa viatu. Kiti chake alikikalia mwanamke mwenye mimba ya mwezi wa mwisho, na nani atamwinua? Kofia yake mtoto mmoja aliyeota meno aliitafuna ukingo wote. Kuku waliozoea kutishwa kila asubuhi waliingia sufuriani mmoja mmoja mpaka baraza likawa kimya, na nasikia alimwambia Mama Mkubwa kwa uchungu kwamba yeye anamkumbuka hata yule jogoo mkorofi. Mama Mkubwa alipika bila kulalamika hata mara moja. Ndipo nikajua yuko upande gani. Alikuwa akiweka sufuria kubwa kabla hawajafika.

Siku ya boti ikafika, na mzee alikuwa amekwisha sikia kwamba niliketi kwenye dawati la Mwalimu; kwake huko kulikuwa kuweka mguu. Baba Mkubwa alitoka amevaa koti la safari, akasimama katikati ya baraza amtafute Mwajuma. Wanawake siku hiyo walikuwa wengi kuliko siku zote. Walikuja mpaka wa Minago, kwa baiskeli za waume zao, kwa sababu habari ilikuwa imetembea. Hapakuwa na pa kuweka mguu. Watoto walikuwa wamegawanywa kama mchezo, wa huyu kwa yule, kila mmoja amefungwa mgongo usio wa mama yake, na vichwa vyote vimeinamishwa vinalala. Alizunguka akitazama migongo. Alimgusa mmoja, akakuta ni wa kiume. Alimgusa wa pili, akamlilia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba changu, mikono mitupu; boti ilikuwa tayari, na nilijua akimpata ameshinda. Akafika kwa Mama Zaituni. Juu ya mgongo ule mpana Mwajuma alifungua macho, akamwona babu yake, akamchekea na kunyoosha mkono.

Mzee alisimama hapo. Mkono wa mtoto ulikuwa umeshika kidole chake, kile kile cha kutishia. Alitazama ua uliojaa, akatazama jikoni, ambako Mama Mkubwa alikuwa amesimama na mwiko, anamtazama na yeye. Akapasuka. "Jamani! Semeni! Munataka nini?"

Mama Zaituni akajifuta mikono polepole kwenye kitenge. "Sisi, Baba? Sisi tulikuja kukuamkia tu. Lakini sasa kwa kuwa umeuliza..."

Nilimwona anavyoyasikia maneno yake mwenyewe, alivyofumba macho kama mtu aliyejigonga kidole. Lakini Baba Mkubwa hakuwa mtu wa kulipa nusu. Alivua koti la safari, akalitundika. Akasema kwa sauti ya kiongozi, kama vile ni yeye aliyetuita sote tuje kusikia: "Mama Mwajuma ataenda ekole kufundisha. Mutoto ataenda naye, akae mbele, mimi nimuone dirishani. Na ninyi," akamtazama Mama Zaituni, "mwezi ushaanza kupungua. Nendeni mukaanike samaki, kabla sijakula mikeka." Vigelegele vilivyopigwa, nasikia vilifika mpaka bandarini, mabaharia wakadhani kuna harusi.

Nilifundisha mwaka ule wote. Mwajuma alikaa mbele, kwenye beseni, akila chaki. Kila asubuhi kivuli cha Baba Mkubwa kilipita dirishani, na mtoto aliyekuwa akicheza alitishiwa kugeuzwa kuni. Siku moja alimngoja Mwalimu Elia barazani, akamuuliza kwa chini chini lile neno lilikuwa limetoka wapi. Mwalimu akamweleza lote, umati na msongo. Mzee akasema, "Yule Mwingereza wa melini alikuwa peke yake." Tangu hapo hakulitumia tena.

Mwaka huu wa sabini na mbili, mwezi wa nne, Rumonge ilipochafuka, niliona sura nyingine ya neno hilo. Umati ni umati, haujali umekusanywa na nani. Unaweza kuja na watoto mgongoni na unaweza kuja na vitu vingine mikononi. Sitayaandika ya siku zile hapa, yana mahali pake. Naandika tu kwamba tulivuka kuja huku kwa boti ya Baba Mkubwa, tumesongamana, na kwamba Mama Mkubwa hakuvuka. Hatujui yuko wapi. Mwalimu Elia pia hatujui. Na nikikaa na hasira yangu hapa Ujiji, mtu akiniambia mwanangu angoje, namtazama nikiwaza: wewe hujui tulikotoka.

Kwa hiyo jana nikawaita. Tuliobaki tunajuana hapa mtaani, na waliozaliwa hapa hapa wakasema na sisi tunakuja, hatujapata kitu kizuri mwezi mzima. Mama Zaituni amepungua mwili, lakini alivaa kitenge chake kizuri. Baba Mkubwa alitangulia, fimbo mkononi, Mwajuma kando yake amesukwa, ameshika kibao chake cha kuandikia. Ndala zetu zilipiga barabara pamoja, nikausikia ule mlio wa Rumonge mpaka nywele zikanisimama. Mwalimu mkuu alikuwa nyumbani, anakunywa uji. Mzee akapiga hodi, akasalimia kwa heshima ndefu, akauliza habari za wazazi wake, habari za kazi, akakaa. Nasi tukakaa, barazani, kwenye ngazi, chini ya dirisha, mpaka kwenye geti. Mwalimu mkuu alitazama, akafungua kinywa kuuliza, adabu ikamzuia, akakifunga. Na hapo mke wake akatokea jikoni, mikono ina unga, akatutazama kwa mshangao.

"Karibuni. Mko wangapi, mama?"

Tukamtazama Mama Zaituni, maana jibu hilo ni lake. Akafungua kinywa, akainama. Baba Mkubwa akamgusa bega. Kisha akamgeukia yule mama, akatabasamu kwa meno yote yaliyobaki.

"Weka sufuria kubwa tu, mwanangu," akasema. "Wengine bado wako njiani."